Sambusa Haziharibikii Karaini, Huharibikia Ndooni

Katika mijadala yetu kuhusu usalama wa chakula kinachouzwa mitaani, macho ya wengi huelekea jikoni. Twauliza iwapo nyama ilinunuliwa kwenye bucha linaloaminika, iwapo mafuta yamerudiwa mara nyingi, iwapo mpishi amenawa mikono na kufunga kitambaa kichwani. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, kwa jicho la daktari bingwa wa mikrobaiolojia ya tiba, naona kwamba tunaihoji nusu moja tu ya safari ya chakula. Nusu ya pili, inayoanza pale sambusa inapoopolewa kwenye mafuta na kuishia mdomoni mwa mlaji, haina anayeisimamia wala kanuni inayojulikana kwa wauzaji walio wengi.

Hoja ya makala haya ni moja. Sambusa, pai ya nyama, katlesi au kababu iliyopikwa ikaiva vizuri inaweza kabisa kumdhuru mlaji kwa sababu ya namna ilivyohifadhiwa na kufungwa baada ya kuiva. Adui mkubwa wa vitafunwa hivi ni uvuguvugu: ile hali ya kuwa si moto wala baridi, ambayo muuzaji huitafuta kwa bidii na mnunuzi huipenda. Tusipoufundisha umma jambo hili, tutaendelea kukagua sakafu za majiko huku hatari ikiwa ndani ya ndoo iliyofunikwa.

Safari ya sambusa moja

Tuchukue mfano wa kawaida katika mji kama Dar es Salaam. Mama anayeuza sambusa shuleni na maofisini hupika nyama ya kusaga jioni, huikunja kwenye manda usiku, kisha huamka kabla ya alfajiri kukaanga. Ifikapo saa 11 alfajiri sambusa zote zimekwisha kuiva. Zikiwa bado zafuka moshi, hupangwa kwenye ndoo ya plastiki iliyotandikwa gazeti, hufunikwa kwa mfuniko, na pengine ndoo hiyo huzungushiwa kitenge ili joto lisitoke. Wanafunzi hupata mapumziko saa 4 asubuhi. Zinazobaki huuzwa kwa wapita njia hadi jioni. Zinazobaki tena hurudi nyumbani, na kesho yake hupashwa moto na kuchanganywa na mpya.

Katika maelezo hayo hakuna uovu wowote. Mfuniko umewekwa kuzuia vumbi na nzi. Kitenge kimezungushwa kwa sababu wateja hawapendi sambusa iliyopoa. Gazeti limetandikwa linyonye mafuta. Kila kitendo kimefanywa kwa nia njema na kwa akili ya biashara. Ndiyo maana sioni faida ya kumkemea mama huyu. Afadhali tumweleze kinachotokea ndani ya ndoo yake, kisha tumsaidie kubadili utaratibu bila kumfilisi.

Kinachotokea chini ya mfuniko

Mafuta ya kukaangia hufikia nyuzijoto 170 hadi 180 za sentigredi, lakini nyama iliyo katikati ya sambusa haifiki huko, kwa kuwa ina maji, na maji hayo huizuia kupita sana nyuzijoto 100. Joto hilo latosha kuua bakteria walio hai. Halitoshi kuua spora, yaani mbegu ngumu ambazo baadhi ya bakteria hujigeuza ili kustahimili shida. Wawili kati ya hao wanatuhusu sana: Clostridium perfringens, anayepatikana kwa wingi kwenye nyama, na Bacillus cereus, anayepatikana kwenye nafaka, viungo na udongo. Spora zao hustahimili kupikwa. Zaidi ya hayo, joto la kupikia huziamsha. Chakula kinapoanza kupoa, zenyewe huanza kuchipua, na kwa kuwa bakteria wengine wamekwisha kufa jikoni, hukikuta chakula kikiwa hakina mshindani.

Ukanda wa hatari ni kati ya nyuzijoto 5 na 60. Juu ya 60 bakteria wa magonjwa ya chakula hawawezi kuzaliana. Chini ya 5 wengi wao hupunguza sana mwendo. Sambusa moja ikiwekwa peke yake kwenye wavu hupita katika ukanda wa juu wa hatari kwa muda mfupi, kwa kuwa ni ndogo na hewa huizunguka. Sambusa 100 zilizobanana ndani ya ndoo iliyofunikwa hupeana joto. Hushuka upesi chini ya 60, kisha hudumaa kwenye arobaini na kidogo kwa muda mrefu. Clostridium perfringens hustawi kuliko kawaida kwenye nyuzijoto 43 hadi 45, na katika joto hilo anaweza kuzaliana maradufu ndani ya dakika zisizozidi 10.

Hesabu ifuatayo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo, tena kwa kukadiria kasi ya chini zaidi ya hiyo. Chukulia bakteria 100 tu wanaoongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Baada ya muda wa saa 1 watakuwa 800. Baada ya saa 3 watazidi 51,000. Baada ya saa 5, yaani ule muda uliopo kati ya kukaanga alfajiri na mapumziko ya shule, watakuwa zaidi ya milioni 3. Mtoto anayekula sambusa hiyo hamezi sumu iliyotengenezwa tayari. Humeza bakteria ambao huitoa sumu hiyo tumboni mwake, na maumivu ya tumbo na kuhara huanza baada ya saa 6 hadi 24. Kufikia wakati huo hakuna anayekumbuka sambusa.

Ganda la unga nalo lina mchango wake. Huko Ulaya katika karne za kati, ganda nene la pai lilitumika kama chombo cha kupikia na kuhifadhia nyama kuliko kama chakula chenyewe. Hata leo ganda la sambusa au pai ni kifungashio: hukinga nyama dhidi ya vidole na nzi. Lakini huzuia pia joto na mvuke usitoke, na huifanya nyama ya ndani iwe mahali penye hewa haba, jambo linalomfaa sana Clostridium perfringens, kwa kuwa yeye haipendi oksijeni.

Kisha kuna hatari inayoingia baada ya kukaanga. Bakteria Staphylococcus aureus huishi puani mwa watu wapatao 20 hadi 30 katika kila 100 wenye afya njema, na pia kwenye majipu na vidonda vya vidole. Mkono uliogusa pua au pesa, kisha ukapanga sambusa ndooni, humhamishia huko. Chakula kikikaa na uvuguvugu, huzaliana na kuacha sumu. Mlaji hutapika ndani ya muda wa nusu saa hadi saa 8.

Kupasha moto na kunusa havitoshi

Imani mbili zimeota mizizi katika jamii yetu, na zote mbili zastahili kupingwa waziwazi.

Ya kwanza ni kwamba chakula kikipashwa moto upya kinakuwa salama. Ni kweli kwamba kupasha hadi nyuzijoto 70 au zaidi, hadi katikati, huua bakteria waliochipua. Lakini sumu ya Staphylococcus aureus na ile sumu ya kutapisha ya Bacillus cereus hazivunjwi na joto la jikoni. Ukizichemsha, bakteria watakufa na sumu itabaki. Kupasha moto ni hatua ya mwisho kwa chakula kilichohifadhiwa vizuri. Hakuwezi kukirekebisha chakula kilichohifadhiwa vibaya.

Ya pili ni kwamba pua na ulimi vitatuambia. Bakteria wanaotoa harufu ya uvundo na wanaochachusha chakula aghalabu si wale wanaotuugua. Sambusa yenye sumu ya kutosha kumlaza mtu mzima inaweza kunukia iliki na kitunguu kama ilivyonukia alfajiri. Kwa hiyo kauli ya muuzaji kwamba “haijachacha” si uongo, lakini haitoshi kuwa kinga.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: kudumu na ladha ya leo, na kuwa salama, ni mambo mawili. Mkate mtupu ukiwekwa kwenye jokofu huwa mgumu upesi kuliko ukiachwa kabatini, kwa sababu wanga wake hujipanga upya kwa kasi katika baridi hiyo. Mtu akiona hivyo huhitimisha kwamba jokofu huharibu vitafunwa, na huiacha pai ya nyama mezani pamoja na mkate. Ladha imempeleka pabaya. Ganda la pai litapoteza ulaini au ukavu wake ndani ya jokofu, na linaweza kurejeshwa kwa moto wa oveni au kikaango kikavu. Nyama iliyokwisha kuharibika mezani haina wa kuirejesha.

Vilevile tusivichanganye vitafunwa vyote katika kapu moja. Visheti, kashata na kaukau za muhogo ni vikavu. Maji yaliyomo hayatoshi kuwalisha bakteria, na vikifungwa visipate unyevu hukaa siku nyingi bila madhara. Sambusa ya nyama ina maji, protini na chumvi kidogo. Kuvihifadhi vyote kwa namna moja, kwenye ndoo moja na kwa muda mmoja, ndilo kosa ninaloliona likijirudia katika biashara hizi.

Njia nne zilizo wazi

Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha kwa muda mrefu kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya muda wa saa 2. Huko Marekani wananchi hushauriwa kupunguza muda huo hadi saa 1 pale hewa inapopita nyuzijoto 32. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar hufikia joto hilo mara kwa mara kati ya Desemba na Machi. Kwa misingi hiyo, muuzaji ana njia nne za halali, na achague ile inayomudu mtaji wake.

Njia ya kwanza ni kukaanga kidogo kidogo na kuuza upesi. Badala ya kukaanga sambusa zote alfajiri, akaange sehemu moja kabla ya mapumziko ya asubuhi na sehemu nyingine kabla ya jioni. Njia hii haihitaji kifaa chochote kipya. Yahitaji kupanga upya saa za kazi.

Njia ya pili ni moto wa kweli: kabati la vioo lenye kipasha joto linalozidumisha sambusa juu ya nyuzijoto 60. Taa ndogo inayozifanya zing'ae bila kufikia kiwango hicho ni mapambo yanayozidisha uvuguvugu. Kipimajoto chenye ncha, kinachochomwa katikati ya nyama, ndicho kitakachotofautisha hayo mawili.

Njia ya tatu ni baridi ya kweli. Sambusa au pai zitandazwe kwenye wavu au sinia pana, zisibebane, zipoe upesi, kisha ziingie kwenye jokofu lenye nyuzijoto 5 au chini yake kabla ya muda wa saa 2 kupita. Chombo kifunikwe baada ya kupoa, si kabla. Zipashwe moto mara moja tu, hadi katikati, na kuliwa. Ikumbukwe pia kwamba jokofu hupunguza mwendo wa bakteria lakini haliwaui, na wapo wanaozaliana humo humo. Mlipuko wa listeria uliotokea Afrika Kusini kuanzia mwaka 2017 hadi 2018, uliotokana na soseji za polony zilizokuwa tayari kuliwa, uliwaugua watu 1,060 waliothibitishwa na maabara na kuua zaidi ya 200. Polony ni chakula kinachohifadhiwa kwa baridi, na baridi hiyo haikutosha kuwaokoa walaji.

Njia ya nne, ambayo naiona bora kwa mjasiriamali mwenye friza, ni kugandisha sambusa mbichi. Nyama ipikwe ikaive, ipozwe kabisa kabla ya kukunjwa kwenye manda, sambusa zigandishwe zikiwa zimetandazwa, kisha zifungwe kwenye mifuko iliyoandikwa tarehe na kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Akina mama wengi hufanya hivyo kila mwaka kabla ya Ramadhani. Utaratibu huo wa mwezi mmoja ungefaa kuwa wa mwaka mzima: hutolewa zile tu zilizoagizwa, hukaangwa na kuliwa papo hapo.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kudumisha ubaridi kwa muda wa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Jokofu la kawaida huweza kwa saa 4 tu. Kwa hiyo muuzaji asifungue mlango kila mara kuchungulia. Sambusa zilizoyeyuka na kupata joto zisirudishwe kugandishwa.

Kifungashio ni sehemu ya chakula

Karatasi tunazofungia vitafunwa zimekuwa na historia ndefu: magazeti, kurasa za madaftari ya wanafunzi, karatasi za mitihani, hata nyaraka za ofisi. Wino wa kuchapia una mafuta ya madini na rangi ambazo hazikutengenezwa ziliwe, na mafuta moto ya sambusa ni kiyeyushi kizuri cha vitu hivyo. Nchini India, ambako sambusa na ndugu zake huliwa kila kona, mamlaka ya usalama wa chakula iliutahadharisha umma kuhusu magazeti mwaka 2016, na kanuni za vifungashio za mwaka 2018 zikakataza kabisa kuyatumia kufungia chakula. Mbali na wino, karatasi iliyokwisha kutumika imepita mikononi mwa watu wengi na imelala mahali tusipopajua.

Ndoo nazo zina maswali yake. Ndoo iliyowahi kubeba rangi ya nyumba, hata ikioshwa mara saba, haifai chakula, achilia mbali chakula chenye mafuta na moto. Plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula aghalabu huwa na alama ya glasi na uma. Na hata hiyo isipokee kitu kilichotoka karaini sasa hivi.

Zuio la mifuko ya plastiki lilianza Zanzibar mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lilikuwa jambo jema kwa mazingira, na kwetu sisi wa afya lilikuwa fursa ya kukubaliana kuhusu kifungashio salama cha chakula cha bei nafuu. Fursa hiyo hatukuitumia ipasavyo. Mfuko ulipoondoka, mahali pengi gazeti lilirudi. Karatasi safi ya kaki isiyochapwa kitu ipo sokoni na huacha mvuke upumue. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto limewahudumia watu wa pwani kwa vizazi vingi. Hata kawa la ukindu, ambalo bibi zetu walilifunika juu ya sinia, lilikuwa na hekima yake: lilizuia nzi na kuacha mvuke utoke. Kwa hatua ya kupoza, kawa ni bora kuliko mfuniko wowote wa plastiki uliobana, ilimradi lisafishwe na kukaushwa juani.

Mvuke ndio unaounganisha usalama na ladha. Sambusa ikifungwa moto, mvuke wake hugeuka matone chini ya mfuniko na kurudi juu ya ganda. Ganda hulegea, na unyevu huo hufungua njia kwa ukungu na bakteria. Muuzaji anayepoza kwanza ndipo akafunga hupata vyote viwili: ganda kavu na chakula salama.

Nina tahadhari moja zaidi kwa wajasiriamali wanaokua. Mashine za kuondoa hewa kwenye mifuko zimeanza kuonekana hata katika biashara ndogo, na wapo wanaodhani kwamba pai iliyofungwa bila hewa yaweza kukaa kabatini. Kuondoa hewa si kuua bakteria. Chakula chenye unyevu na kisicho na uchachu, kikiwekwa bila hewa kwenye joto la kawaida, kinaweza kumstawisha Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupooza mishipa ya fahamu na misuli ya kupumua. Mfuko wa namna hiyo ni wa jokofu au friza, wala si wa rafu ya duka.

Wajibu usiishie kwa mama sambusa

Wapo watakaosema: tumekula sambusa za ndooni tangu utotoni na tungali hai. Nakubali kwamba wengi wanaougua hupona ndani ya siku moja au mbili. Lakini hoja hiyo huwasahau wasiosimulia. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula, na 420,000 hufa; kati ya hao waliokufa, 125,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Barani Afrika pekee vifo vilikadiriwa kuwa 137,000. Kilicho maumivu ya tumbo ya siku moja kwa kijana mwenye nguvu kinaweza kuwa upungufu wa maji unaoua kwa mtoto mwenye utapiamlo, mzee au mama mjamzito. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wengine watahofu kwamba maneno kama haya yatawapa askari wa mitaa sababu mpya ya kumwaga ndoo za akina mama. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba ukaguzi ubadilike kabla ya adhabu kufikiriwa. Tangu mwaka 2019 jukumu la usalama wa chakula kitaifa limehamia Shirika la Viwango Tanzania, ilhali maafisa afya wa halmashauri ndio wanaokutana na wauzaji kila siku. Afisa huyo hukagua usafi wa mazingira na vyeti vya upimaji wa afya. Napendekeza aongezewe kipimajoto cha kuchoma na swali moja: chakula hiki kilipikwa saa ngapi? Cheti cha afya kilichopigwa mhuri mwezi uliopita hakisemi lolote kuhusu sambusa iliyokaa ndooni kwa muda wa saa 6.

Upande wa mtaji, halmashauri zetu kwa mujibu wa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kumi wanaouza vitafunwa kinaweza kukopa friza moja na kabati moja la joto na kuvitumia kwa zamu. Mkopo unaonunua ndoo nyingine kumi hupanua biashara na hupanua pia hatari. Ni vyema maafisa maendeleo ya jamii na maafisa afya wakae meza moja wanapoyapitia maombi hayo.

Kamati za shule zina uwezo ambao hazijautambua. Shule ndiyo inayopanga saa ya mapumziko na ndiyo inayomruhusu muuzaji kuingia getini. Inaweza kuafikiana naye kwamba sambusa za mapumziko zikaangwe saa 2 asubuhi au baadaye, zishikwe kwa koleo, na zifungwe kwenye karatasi safi. Tena mtu anayepokea pesa asiwe yeye anayegusa chakula, na ikiwa yuko peke yake, basi mkono mmoja uwe wa pesa na mwingine wa koleo.

Nasi katika vyuo vikuu vya tiba tuna deni. Mgonjwa anapofika akitapika na kuhara, huandikiwa dawa na kurudi nyumbani. Mara chache huulizwa alikula nini, saa ngapi, na nani mwingine alikula naye. Bila maswali hayo, milipuko midogo ya darasa moja au harusi moja hupita bila kuandikwa, na kisichoandikwa hakitengewi fedha. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza. Tuwafundishe pia kwamba ugonjwa uletwao na sumu ya chakula hauponywi kwa antibayotiki. Tiba yake kuu ni maji na chumvichumvi, yaani pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi, pamoja na zinki kwa watoto wanaoharisha. Damu kwenye kinyesi, homa kali, kutapika kusikokoma, macho kudidimia, mkojo kuadimika, au kuona maluweluwe na kushindwa kumeza ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitalini bila kungoja kesho.

Kwa msomaji ambaye si daktari wala mkaguzi, nakuachia maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kwa upole na heshima, unapomnunulia mwanao kitafunwa: zimekaangwa saa ngapi, zilihifadhiwa wapi tangu wakati huo, na utanifungia kwa nini? Muuzaji aliyezikaanga sasa hivi atalijibu swali la kwanza kwa fahari. Asiye na jibu leo atajitahidi awe nalo kesho, kwa sababu mteja ameuliza. Soko la sambusa limeshaitikia matakwa ya wateja kuhusu pilipili, ukubwa na bei. Litaitikia pia matakwa yao kuhusu muda, mradi tuanze kuyataja.